Nafsi Tatu za Fahamu: Uhakiki wa Dhana ya Francis Crick

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hufundishwa mapema kwamba nafsi ni tatu: ya kwanza ni ya asemaye, ya pili ni ya asemeshwaye, na ya tatu ni ya asemwaye. Mafundi wa sarufi walipolichukua neno nafsi kwa kazi hiyo hawakukusudia kutoa fundisho la utabibu wala la falsafa. Hata hivyo, kwa kuwa neno hilo ndilo pia jina la ule undani ambao kila mtu huuita mimi, laweza kuwa mizani ya kupimia kitabu kimoja mashuhuri juu ya ubongo na fahamu. Kitabu hicho ni The Astonishing Hypothesis cha Francis Crick, kilichotolewa mwaka 1994.

Crick alikuwa mwanasayansi wa Uingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1962, pamoja na James Watson na Maurice Wilkins, kwa kazi yao juu ya umbile la DNA. Baada ya kulifumbua fumbo la urithi aliligeukia fumbo la fahamu, asiliache mpaka alipofariki mwaka 2004. Dai la kitabu chake ni kwamba furaha na huzuni za mtu, kumbukumbu zake, na hata kujihisi kwake kuwa yeye ni yeye, vyote ni mwenendo wa seli za neva na molekuli zake, wala hapana la ziada. Seli hizo, kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2009, ni kiasi cha bilioni 86 katika ubongo wa mtu mzima.

Si insafu kumlaumu mwandishi kabla ya kumpa haki yake. Crick hakutaka kuieleza fahamu yote kwa pigo moja; alichagua fahamu ya kuona, kwa sababu macho na njia zake ubongoni vilikwisha chunguzwa sana. Alionya pia dhidi ya kosa la kudhani kwamba ndani ya kichwa mna mtu mdogo atazamaye picha zinazoletwa na macho, maana mtu huyo naye angehitaji mwingine ndani yake. Yeye na Christof Koch walipendekeza mwaka 1990 kwamba kuona kwa fahamu hutokea seli za neva zinapopiga kwa pamoja, kiasi cha mara 40 kwa sekunde. Pendekezo hilo halikusimama, lakini dhana iwezayo kuangushwa na jaribio ni bora kuliko ile isiyoguswa na jaribio lolote. Tena msingi wake ni imara. Tangu Paul Broca alipoonyesha mjini Paris, mwaka 1861, ubongo wa mgonjwa aliyebakiwa na silabi moja tu ya kutamka, ulioharibika upande wa mbele wa kushoto, hapana mwenye busara awezaye kukana kwamba akili ya mtu imefungamana na ubongo wake.

Kasoro iko katika lugha ya dai, nayo si kasoro ndogo. Crick analianza dai lake kwa kumsemesha msomaji: anamwita wewe. Kabla sentensi haijaisha, yule wewe amekwisha kuwa seli na molekuli, yaani vitu visemwavyo katika nafsi ya tatu. Hapo twapaswa kuuliza: ni nani aliyesemeshwa? Seli hazisomi kitabu, wala hazishangazwi na dhana. Mwandishi alimhitaji msomaji ili amwambie kwamba hapana msomaji, ila seli.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Elimu ya ubongo hukipima kitanda, huhesabu mbao zake, na yaweza kuwahesabu kunguni wenyewe. Bali kuumwa nao ni habari ya nafsi ya kwanza. Mwaka 1995 mwanafalsafa David Chalmers aliitenga shida hiyo na shida nyingine za ubongo, akaiita shida ngumu: kwa nini kazi za seli ziandamane na kuhisi? Mwaka 1998 Koch aliwekeana naye dau kwamba katika miaka 25 alama ya wazi ya fahamu ingepatikana katika ubongo. Muda ulipotimia mwaka 2023, mjini New York, Koch alikubali kwamba ameshindwa, akalipa dau lake kwa mvinyo.

Wahakiki wengine, Max Bennett na Peter Hacker, walisema mwaka 2003 kwamba ni kosa kuupa ubongo matendo ambayo ni ya mtu mzima: kufikiri, kuamua, kuamini. Tusijisifu kwamba Kiswahili kimeepukana na kosa hilo, maana sisi nasi humwambia mtu atumie bongo lake, na mwenye akili twasema ana bongo. Lakini mguu hautembei. Mtu ndiye atembeaye kwa miguu yake. Vivyo hivyo mtu hufikiri kwa ubongo wake.

Yamkini msomaji ataona kwamba huu ni ubishi wa maneno tu. Na atazame basi kitanda cha hospitali. Yuko mgonjwa aliyeumia kichwa, ambaye macho yake hufumbuka na kufumba, hulala na kuamka, lakini haitiki wala hafanyi ishara. Madaktari waliipa hali hiyo jina litokanalo na mmea. Kwa sarufi yetu, huko ni kumtoa mtu katika ngeli yake na kumtia katika ngeli ya mti. Sisi twasema amepoteza fahamu, kana kwamba kila kisichoonekana kimepotea.

Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake walitoa habari za mwanamke wa miaka 23, aliyeumia katika ajali ya barabarani, ambaye kwa miezi mitano alihesabiwa kuwa katika hali hiyo. Walimlaza ndani ya mashine ipigayo picha za ubongo kwa nguvu za sumaku, wakamwambia: fikiri kwamba unacheza tenisi. Kisha wakamwambia awaze anatembea katika vyumba vya nyumba yake. Kila alipoambiwa, sehemu za ubongo wake zilizoamka zilikuwa zile zile ziamkazo kwa watu wazima wa afya waliopewa maagizo hayo hayo. Mwaka 2024 uchunguzi mkubwa zaidi ulionyesha kwamba katika wagonjwa 241 wasioonyesha kwa mwili dalili ya kutii agizo, 60, yaani robo yao, walilitii kwa ubongo.

Tuangalie kilichofanyika hapo. Mashine ilisoma habari za nafsi ya tatu, yaani damu na seli, na bila mashine hiyo jibu la mgonjwa lisingalionekana. Sifa hiyo ni ya elimu aliyoipigania Crick. Lakini mashine haikuuliza swali. Swali liliulizwa kwa nafsi ya pili, na mtu aliyemdhania mgonjwa kuwa yupo. Wilder Penfield, daktari wa Montreal, alikutana na jambo la namna hiyo kwa wagonjwa aliowapasua wakiwa macho. Alipoligusa kwa umeme eneo la ubongo liendeshalo mkono, mkono uliinuka, na mgonjwa akakana kwamba si yeye aliyeuinua, bali daktari. Ubongo ulikuwa umetenda, na mwenye ubongo akalikataa tendo.

Kwa hiyo siikatai dhana ya Crick kwa yale inayothibitisha. Nalikataa lile neno lake la kwamba hapana la ziada. Wale kati yetu watakaoiandika elimu hii kwa Kiswahili na waandike kwamba seli hupiga na damu huenda, na kwamba mtu huona, hukumbuka na huumia. Wasiandike kwamba mgonjwa amepoteza fahamu pale ambapo wangeweza kusema kwamba hajaweza kutujibu. Kauli hiyo ya pili ni ndefu kidogo, lakini yamwacha mgonjwa katika ngeli ya watu, na yamwachia daktari sababu ya kumsemesha tena kesho.