Jina, Mahali na Mwaka: Uhakiki wa Upangaji wa Maktaba za Muziki wa Katanga

Katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili imezoeleka kuanza na matini. Wimbo ukishanukuliwa, mhakiki huchambua maudhui na fani bila kuuliza sana umemfikiaje. Kwa nyimbo za gitaa za Katanga mazoea hayo yana hatari, kwani mwanafunzi wa leo haipokei santuri wala kadi yake. Hupokea faili la kompyuta, pamoja na lebo iliyoandikwa na mtu asiyejulikana.

Mfano ulio bora ni Mwenda Jean Bosco. Mpiga gitaa huyu alizaliwa Bunkeya mwaka 1930 na kufariki mwaka 1990. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville mwaka 1952, na miongoni mwa nyimbo za mwanzo ni “Masanga”. Katika makusanyo ya kidijitali mtu huyo mmoja huonekana kama Jean Bosco Mwenda, Bosco Mwenda, Mwenda Jean Bosco na Mwenda wa Bayeke. Kwa kompyuta hao ni watu wanne. Mtafiti anayehesabu nyimbo zake atapata robo ya ukweli, na hatajua kwamba amepungukiwa.

Mahali nako kuna utata. Jadotville na Élisabethville zilipewa majina ya Likasi na Lubumbashi mwaka 1966. Jimbo lenyewe liliitwa Shaba tangu 1971, likarudia jina la Katanga mwaka 1997, kisha likagawanywa mwaka 2015. Katika mgawanyo huo Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba, Likasi ikabaki Haut-Katanga, na Bunkeya ikaangukia Lualaba. Basi mwanafunzi wa Kolwezi atafutaye muziki wa jimbo lake hatampata Bosco, maana faili linataja mahali pa kurekodia tu, tena kwa jina la kikoloni. Kubadili jina hilo kuwa Likasi si dawa: aliyeandika “Jadotville” mwaka 1952 alisema kweli. Panahitajika nafasi mbili, ya jina la wakati ule na ya jina la leo, na ya tatu kwa asili ya msanii. Hali kadhalika Edouard Masengo, binamu yake Bosco, aliyewahi kurekodi Nairobi: je, awekwe Kenya au Kongo? Orodha nyingi humlazimisha msomaji kuchagua.

Sehemu ya lawama ni ya chombo chenyewe. Lebo za ID3, zilizobuniwa mwaka 1996 kwa ajili ya faili za MP3, zilitoa herufi 30 kwa jina la wimbo, 30 kwa la msanii, na nafasi moja tu ya mwaka. Aina za muziki zilikuwa 80. Polka imo, rumba haimo. Toleo la mwaka 2000 lilitenganisha mwaka wa kurekodiwa na mwaka wa kutolewa, lakini waandishi wa lebo wengi hawakujishughulisha. Kwa hiyo wimbo wa 1952 hubeba mwaka wa diski iliyourudia nusu karne baadaye, na mhakiki asiye makini huweza kuona athari ya wanamuziki ambao hawakuwa wamezaliwa. Tracey, kwa upungufu wake wote (alipenda mno kuwapanga watu kwa makabila, hata katika miji ya migodi ambamo Waluba, Walunda, Wachokwe na Wayeke waliimba pamoja), aliambatanisha rekodi zake na kadi za lugha, ala, mahali na tarehe. Katika jambo hili droo la kadi liliishinda kompyuta.

Lililo zito zaidi ni lugha. Kiswahili cha Katanga kina kanuni zake: husema “bantu” penye “watu”, hutumia kiambishi tamati “-aka” kwa mazoea, na “kutumika” maana yake ni kufanya kazi. Mpangaji aliyefunzwa Kiswahili Sanifu huona makosa, akayasahihisha. Kwa nia njema kabisa anafuta ushahidi wa lahaja ambayo wachimbaji wa shaba waliijenga kwa vizazi. Kosa la tarehe laweza kugunduliwa kwa kulinganisha na santuri. Jina la wimbo lililosanifishwa halionyeshi kovu lolote.

Ipo njia iliyokwisha jaribiwa. Johannes Fabian, aliyefanya utafiti Kolwezi na Lubumbashi, alipochapisha mwaka 1990 historia ya Élisabethville iliyotungwa na André Yav, alikuta tahajia inayomtatiza msomaji. Hakuisahihisha. Aliiacha ilivyopigwa taipu, akaomba isomwe kwa sauti na mwenyeji wa lugha hiyo, kisha akaweka usomaji huo na tafsiri kando ya matini asilia. Maktaba ya muziki yaweza kufanya vivyo hivyo kwa gharama ndogo: jina kama lilivyochapwa kwenye santuri libaki bila kuguswa, na kila sahihisho liwe na nafasi yake, jina la aliyelitia na tarehe. Pasipo na hakika, nafasi iachwe wazi. Katika orodha nyingi zilizopo nafasi iliyo wazi ni adimu, na mahali pa kuanzia ukaguzi ni pale ambapo faili mia mbili zina mwaka mmoja na lugha moja.