Pikipiki inayonuka petroli usiku: anza na koki

Salama iko kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, kaunti ya Makueni, na kama ilivyo katika vituo vingi vya barabara hiyo, mwendesha bodaboda mwenye chumba kimoja haachi chombo chake nje usiku. Wezi hawalali. Pikipiki inaingizwa ndani, inaegemea stendi yake kando ya kitanda, hatua mbili kutoka lilipo jiko. Kesi ninayoichambua hapa ilianzia katika chumba cha namna hiyo: pikipiki ya cc 150, yenye kabureta, ikinuka petroli hadi alfajiri. Mchana haikuwa na neno. Iliwaka kwa kiki moja, ilivuta vizuri mlimani, na chini yake hapakuonekana hata tone.

Mwenyewe alikuwa ameshanunua mpira mpya wa kifuniko cha tangi, kisha paipu mpya ya petroli. Harufu ikabaki palepale. Hapo ndipo wengi wanapopoteza hela, kwa kufuata pua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, hivyo hushuka na kutambaa sakafuni. Ukiinama kunusa, utaikuta harufu chini ya injini hata kama kinachovuja ni kifuniko kilicho juu kabisa. Harufu inathibitisha kwamba petroli inatoka, lakini mahali inapotokea ni lazima patafutwe kwa utaratibu.

Fundi aliyeletewa pikipiki hii hakugusa spana siku ya kwanza. Alimwambia kijana, "Leo funga koki, ulale, kesho uniambie." Huo ndio uamuzi ninaousifu zaidi katika kazi nzima. Koki inaigawa njia ya petroli sehemu mbili. Harufu ikiendelea wakati koki imefungwa, tatizo liko juu: kifuniko, mshono wa tangi, au gasketi ya koki yenyewe. Ikiisha, tatizo liko chini: paipu, bakuli la kabureta, au sindano ya floti. Koki nayo hupimwa kwanza, kwa kuchomoa paipu na kuikinga kwenye chupa kwa muda, maana mpira wake wa ndani ukichakaa hupitisha petroli hata koki ikiwa imefungwa. Na harufu kidogo mara tu baada ya kuzima injini isikutishe. Joto la injini huifanya petroli iliyo kwenye bakuli itoe mvuke. Inayotia shaka ni ile inayoendelea injini ikishapoa.

Asubuhi jibu lilikuwa wazi: chumba hakikunuka. Sehemu nzima ya juu ikaondolewa kwenye orodha bila kufungua hata skrubu moja.

Kilichofuata kilifanyika nje, penye hewa, waya wa betri umeondolewa na hakuna anayevuta sigara karibu. Kabureta na paipu vilifutwa vikakauka, vikanyunyiziwa poda ya watoto, koki ikafunguliwa, na pikipiki ikasimamishwa kwa stendi ya pembeni kama inavyolala chumbani. Baada ya muda poda ilikuwa kavu kwenye paipu na kwenye gasketi ya bakuli. Ilikuwa imelowa mahali pamoja tu, kwenye ncha ya mrija wa kumwagia, ule mpira mwembamba unaoning'inia chini ya kabureta. Petroli ilikuwa inatoka polepole mno, ikigeuka mvuke kabla ya kufika chini. Ndiyo sababu sakafu haikuwahi kulowa.

Bakuli lilipofunguliwa, mchanga laini ulikuwa umetulia chini yake, na kwenye ncha ya mpira ya sindano palikuwa na alama ya duara, kama mkato wa wembe. Sindano hiyo husukumwa na floti ili kufunga mlango wa petroli bakuli linapojaa. Vumbi la barabara za ndani, petroli ya kununua kwa chupa, na chujio la koki lililotoboka vilikuwa vimeiharibu. Na hapa ndipo fumbo la mchana linapofumbuka: injini ikiwa inafanya kazi, huimaliza petroli inayopenya, kwa hiyo dereva hahisi kitu. Ikizimwa, petroli inaendelea kupenya na hakuna anayeitumia. Kiwango kinapanda hadi kinafika kwenye mrija. Stendi ya pembeni huzidisha, kwa sababu pikipiki ikiinama, floti nayo hukaa upande.

Sindano ilibadilishwa na chujio pia. Mlango wa sindano ulisafishwa kwa kitambaa, kwani waya ungeukwaruza na kuumaliza kabisa. Kabla ya kufunga, kabureta iligeuzwa juu chini na kupulizwa kupitia tundu la petroli, hewa haikupita. Fundi akamalizia kwa jambo ambalo wengi hulisahau: alichomoa kijiti cha oili akakinusa. Mrija wa kumwagia ukizibwa na matope, petroli inaweza kuingia kwenye injini na kuchanganyika na oili. Oili ikinuka petroli, au ikipanda kupita alama, usiwashe; imwage kwanza.

Ndugu mwendesha boda unayelala na pikipiki chumbani, usingoje harufu. Funga koki kila jioni kabla ya kuvua kofia, na jiko, la mkaa au la gesi, lisiwashwe tena ndani ya chumba hicho mpaka pikipiki itoke.