Vyeti vya Uongo na Wale Wanaovifichua

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya kitabu kimoja cha Kiswahili, na juu ya jambo kubwa lililotokea baada yake, maana mambo hayo mawili yaeleweka vema yakiwekwa pamoja. Kitabu chaitwa Mafisadi wa Elimu. Mtungaji wake ni Bwana Kainerugaba Msemakweli, mwanasheria, naye alijulikana kwacho wakati nchi yetu ilipokuwa ikiuelekea uchaguzi mkuu wa mwaka 2010. Aliwataja kwa majina mawaziri na wabunge, akawashtaki kwamba shahada za udaktari walizokuwa wakijivunia hazikuwa za kweli, au zilitoka katika vyuo vya ng'ambo visivyotambuliwa, ambako shahada hupewa mtu aliyelipa hata kama hakusoma.

Labda msomaji mmoja atauliza, "Hayo yanihusu nini mimi niliye na mihogo yangu huku Mbande, au na mbuzi wangu huko Mabwepande?" Yakuhusu, ndugu, nasi tutakueleza kwa habari tuliyoiona wenyewe.

Mwaka 2017 tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya msingi pande za nje za Temeke. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei mwalimu mwenzetu hakuja kazini. Alikuwa mtu mpole, hodari wa hesabu, na watoto walimpenda. Tulidhani amepatwa na homa. Siku ya tatu tukaambiwa kwamba hatarudi tena, kwa kuwa cheti chake cha kidato cha nne kilionekana kuwa cha kughushi. Tulipoingia darasa la tano kushika kipindi chake, mtoto mmoja alisimama akasema, "Samahani, mwalimu. Hesabu alizotufundisha nazo ni za uongo?" Wenziwe wakacheka. Sisi hatukucheka. Tulimjibu kwamba saba mara nane ni hamsini na sita, hata akiisema mwongo. Yule mtoto akafikiri kidogo, kisha akauliza tena, "Basi kwa nini amefukuzwa?" Siku ile hatukuwa na jibu jema la kumpa.

Sasa tutazame jambo lenyewe lilivyokuwa. Tarehe 28 Aprili 2017, huko Dodoma, aliyekuwa Waziri wa Utumishi, Bibi Angellah Kairuki, alimkabidhi Rais John Magufuli, ambaye sasa ni marehemu, taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Vilikuwa vimechunguzwa vyeti vya kidato cha nne, vya kidato cha sita na vya ualimu, na watumishi waliopimwa walizidi 400,000. Katika hao, 376,969 walionekana kuwa na vyeti halali, na 9,932 walionekana kuwa na vyeti vya kughushi. Hao wa mwisho waliambiwa waondoke kazini kabla ya tarehe 15 Mei.

Kazi ya kupima ilifanywa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ambalo kwa miaka mingi makao yake yalikuwa Kijitonyama katika Kinondoni. Njia yake si ya uganga. Kila mtahiniwa hupewa namba, na namba ile huonyesha kituo chake na yeye mwenyewe. Matokeo yake huandikwa katika kumbukumbu za Baraza. Mghushi aweza kuiga muhuri, aweza kuiga sahihi, hata rangi ya karatasi aweza kuiipata, walakini hawezi kuingia katika kumbukumbu zile na kujiandika. Cheti kikiletwa hulinganishwa na kumbukumbu, na uongo hujitenga wenyewe na kweli kama makapi na mchele.

Yalionekana na mengine yaliyotusikitisha zaidi. Vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watu 3,076, yaani cheti kimoja watu wawili. Fikirini, wasomaji, maana ya hesabu hiyo. Mtu mmoja alikesha na koroboi, akashinda mtihani wake. Mwingine akalitwaa jina lake akaenda nalo kazini. Hata siku ya uhakiki ilipofika, mwenye haki alihesabiwa pamoja na mwizi wake mpaka ukweli ulipothibitika. Wale wasemao kwamba kughushi cheti hakumdhuru mtu, na wawatazame hao.

Turudi sasa katika kitabu cha Bwana Msemakweli. Twamsifu kwa jambo moja kubwa, ndilo ushujaa. Ni rahisi kumnyoshea kidole karani wa kijiji. Ni vigumu kumwuliza waziri alisoma chuo gani, na mwalimu wake alikuwa nani. Wazee walisema msema kweli hana wajoli, naye mtungaji huyu, mwenye jina linalofanana na mithali hiyo, alikubali kukaa peke yake. Tena aliandika kwa Kiswahili, lugha ambayo mpiga kura aisoma bila mkalimani. Kwa hayo apewe heshima yake.

Walakini mhakiki hana budi kusema na upande wa pili. Kosa tunaloliona laanzia juu ya jalada. Neno fisadi ni neno la hukumu. Mtu akiisha kuitwa fisadi kabla ukurasa wa kwanza haujafunuliwa, yote yafuatayo husomwa kana kwamba ni maelezo ya adhabu yake, wala hayasomwi kama ushahidi wa kupimwa. Katika waliotajwa wapo waliokana. Je, msomaji wa kawaida afanyeje? Hawezi kukiandikia barua chuo cha ng'ambo. Atamwamini yule ampendaye. Bwana Msemakweli ni mwanasheria, ajua kuliko sisi kwamba mshtaki na hakimu hawakai kiti kimoja. Kitabu cha namna hii kingekuwa na nguvu zaidi kama jina lake lingekuwa swali, na jibu likaachwa kwa wenye kazi ya kupima. Nao walikuwapo, maana Tume ya Vyuo Vikuu ilianza mwaka 2005, na kuzitambua shahada za nje ni sehemu ya kazi yake.

Mfano wa njia iliyo bora twauona katika kazi ya Bwana Declan Walsh, aliyeandika katika gazeti la New York Times mwezi wa Mei 2015 habari za kampuni moja ya Karachi, nchi ya Pakistan, iitwayo Axact. Kampuni hiyo ilikuwa ikiuza shahada za vyuo vilivyokuwa katika mtandao tu, visivyo na jengo wala darasa. Mwandishi alizitaja kurasa za mtandao zaidi ya 370, akaongea na watu waliopata kufanya kazi humo ndani, akaonyesha kwamba wale walioitwa walimu katika picha walikuwa waigizaji waliolipwa. Msomaji yeyote aliweza kuzitazama kurasa zile akahakikisha mwenyewe. Mwezi ule ule mkuu wa kampuni alikamatwa. Nguvu ya maandiko yale ilikuwa katika mambo yaliyoonyeshwa, si katika ukali wa maneno.

Lakini lawama kubwa kuliko ile ya jalada si ya mtungaji hata kidogo. Mtungaji aliwashtaki wakubwa. Miaka saba baadaye msumeno ulipoletwa, uliwakata walimu, wauguzi na makarani. Viongozi wa kisiasa hawakuwamo katika uhakiki wa mwaka 2017. Sababu iliyotolewa ni kwamba vyeo vyao havidai vyeti, na kwa upande wa wabunge ni kweli: Katiba yataka mbunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, basi. Kwa sheria, hatuna la kubisha. Lakini twauliza swali moja dogo: kama kazi haidai shahada, mbona mtu aitangulize mbele ya jina lake? Aitanguliza kwa sababu yampatia kitu. Yampatia kiti cha mbele, na kura, na ukimya wa watu wanaoogopa kumwuliza. Basi naye na aionyeshe, kama vile mwalimu wa darasa la tano alivyotakiwa kuionyesha karatasi yake. Wazee walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno ukatao upande mmoja haujawa msumeno bado. Ni panga mkononi mwa mwenye nguvu.

Jambo hili si aibu ya nchi yetu peke yake. Mwaka 2004 wakaguzi wa Bunge la Marekani walichunguza orodha za vyuo vitatu tu visivyotambuliwa, wakakuta ndani yake majina ya watumishi 463 wa Serikali ya nchi ile, na wengine wao walikuwa wenye vyeo vya juu. Huko walithubutu kupanda juu kutazama. Hata hapa kwetu yaweza kufanyika.

Tena tusisahau kwamba elimu ya kweli haina haja ya vazi. Mwaka 1963 mwanafunzi Erasto Mpemba, wa shule ya Magamba huko Lushoto, aliona maziwa aliyoyatia katika mashine ya kugandisha yakiwa moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Alichekwa. Baadaye alimwuliza Dokta Denis Osborne, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye akajaribu, na mwaka 1969 wakaandika pamoja katika jarida la wataalamu. Mwaka 2016 wataalamu wengine walijaribu tena, wakaandika kwamba wana shaka na jambo hilo. Je, Mpemba alikuwa mwongo? Hasha. Alieleza alichofanya na alichoona, na kila mtu aliachiwa nafasi ya kujaribu. Tofauti ya anayekosea na anayeghushi ndiyo hiyo: wa kwanza akuachia mlango wazi uingie ukague, wa pili aufunga kwa kufuli.

Mwaka 2022 Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliamua kwamba wale walioondolewa warudishiwe michango waliyokuwa wakikatwa katika mishahara yao. Wengine walinung'unika. Sisi twaona ni haki, maana fedha zile zilitoka katika jasho lao, na saba mara nane waliyoifundisha ilikuwa hamsini na sita.

Hapo ndipo tulipopata jibu tulilomkosesha yule mtoto. Mwalimu wake hakuondolewa kwa sababu ya hesabu. Aliondolewa kwa sababu mzazi wa kijijini hawezi kumpima mwalimu, wala mgonjwa hawezi kumpima mwuguzi. Wamwamini kwa ile karatasi tu. Aighushiye amtwaa mtu asiyeweza kujilinda. Basi wazazi, tunzeni vyeti vya watoto wenu, msimwazime mtu hata akiwa mtoto wa ndugu. Waandishi, fichueni, lakini onyesheni kabla ya kuhukumu. Nanyi wenye mamlaka, anzeni kupima juu.

Yule mtoto alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2023. Alipopata cheti chake alikuja kutuonyesha, nasi tukamweleza haya tuliyowaandikia ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho, akakikunja cheti ndani ya bahasha, akasema, "Nimeelewa, mwalimu. Na wale wakubwa, wao watapimwa lini?"