Mimi Sivumilii, Nahesabu: Mkulima wa Kando ya Mgodi na Riwaya Zetu

Kuna simu moja niliyopigiwa ambayo imeniharibia usomaji wa riwaya za Kiswahili, na leo nataka niieleze.

Nilikuwa nimerudi Mbeya mjini kutoka Chunya, ambako nilikwenda kuandika habari za wakulima wanaolima pembezoni mwa machimbo ya dhahabu. Niliandika kuhusu mama mmoja mwenye shamba la mahindi na tumbaku. Kona moja ya shamba lake ilikuwa imekatwa na njia ya magari ya kubeba mawe, na mita chache kutoka kwenye mpaka wake kulikuwa na mashimo yaliyoachwa wazi. Kichwa cha habari kiliwaita yeye na wenzake "wastahimilivu". Nilikipenda sana. Nilidhani nimemheshimu.

Wiki moja baadaye akanipigia. Kijana wake alikuwa amemsomea habari ile kwenye simu. Hakuwa na hasira. Tulisalimiana vizuri, nikaitikiwa marahaba yangu, tukaulizana habari za nyumbani, halafu akasema: "Mwanangu, umeandika kwamba navumilia. Mimi sivumilii, nahesabu. Lile daftari nililokuonyesha, uliliona au hukuliona?"

Nililiona. Nililiona nikaliacha, kwa sababu daftari la hesabu halina machozi, na mimi nilikuwa natafuta machozi.

Lilikuwa daftari la shule la kawaida, la mistari. Kila ukurasa ulikuwa umegawanywa katikati kwa kalamu. Upande wa kushoto aliandika shamba: mbolea, vibarua, magunia yaliyovunwa, bei. Upande wa kulia aliandika machimbo: siku alizokwenda kuponda na kuchekecha mawe, alicholipwa, maandazi na chai alivyouza mwaloni. Mvua zikianza upande wa kulia unakauka. Kiangazi kikiingia upande wa kushoto unanyamaza. Ukisoma kurasa zile kwa mfululizo unaona mtu anayetembea mwaka mzima kati ya duara na shamba, kila mguu unajua unapokanyaga.

Tangu siku ile nimekuwa nikimtafuta mama yule kwenye riwaya zetu. Sijampata. Nimepata wakulima wengi, ila yeye sijampata.

Chunya si mahali pageni kwa dhahabu. Dhahabu ya Lupa ilianza kuvuta watu miaka ya 1920, na hata mji wa Mbeya, ulioanzishwa 1927, una deni kubwa kwa dhahabu hiyo. Migodi ikafunguliwa, watu wakaja kutoka kila upande. Mgodi wa Saza, eneo ambalo leo liko Mkoa wa Songwe, ulifungwa 1956. Wenye mitambo waliondoka, watu wakabaki wakilima na kuchimba kwa mikono yao. Yaani mkulima wa kule amekwisha kuona mgodi ukija na ukiondoka kabla hata ya Uhuru. Bibi alimsimulia mama, mama akamsimulia binti. Hiyo ni karibu miaka mia moja ya watu kujifunza kwamba dhahabu huwa inaisha na mvua huwa inachelewa, na kwamba mwenye akili haweki mayai yake yote upande mmoja wa daftari.

Sasa fungua riwaya. Mkulima wa kwanza ambaye wengi wetu tulikutana naye ni wa Shaaban Robert, katika *Utubora Mkulima*, kitabu kilichotoka 1968 wakati mwandishi wake alikwishafariki 1962. Utubora anaacha kazi ya mshahara mzuri anakwenda kulima. Kwake shamba ni mahali pa kuisafisha nafsi. Nakipenda kitabu hiki kwa lugha yake na kwa imani yake katika utu. Lakini Utubora anakuja shambani kwa hiari, akiwa tayari ameuona mshahara na kuukataa. Hakuna anayekuja kumwambia kwamba chini ya mihogo yake kuna kitu chenye thamani kuliko mihogo. Ardhi ya Utubora haina tumbo. Ina uso tu.

Mkulima wa pili ni wa Euphrase Kezilahabi, katika *Dunia Uwanja wa Fujo* ya 1975. Tumaini anatapanya mali, anaanguka, kisha anainukia kwenye kilimo na kuwa mkulima mkubwa. Siasa ya Ujamaa inapolifikia shamba lake, anamuua kiongozi. Ni vigumu kusoma mwisho ule bila kukumbuka Isimani, mkoani Iringa. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, shambani kwake. Mwamwindi alihukumiwa kifo. Klerruu akapewa jina la chuo cha ualimu ambacho hadi leo kipo Iringa mjini. Ukipita pale utaona wanachuo wanaingia na kutoka, na wachache watakueleza jina lile limetokea shamba gani.

Tumaini ni mkulima mkali, na anatisha, na Kezilahabi hakumfanya malaika. Ila angalia alichobakiziwa: kuinama au kuua. Fasihi yetu ilimpokea haraka kwa sababu kifo ni mwisho mzuri wa riwaya. Mtu akishika bunduki msomaji anajua yuko wapi. Akishika kalamu ya risasi na kugawa ukurasa katikati, je?

Isimani yenyewe ina funzo ambalo hatukulisoma vizuri. Kabla ya mkasa wa 1971, Isimani ilikuwa maarufu kwa mahindi. Miaka ya 1950 na 1960 watu walifyeka, matrekta yakaingia, mahindi yakatoka kwa wingi. Ardhi ile ni kame, iko upande wa barabara ya kwenda Dodoma ambako mvua ni za kubahatisha. Walilima mahindi juu ya mahindi, udongo haukurudishiwa kitu, mavuno yakashuka. Mimi naona ule nao ulikuwa mgodi. Walichimba rutuba kama wenzao wa Chunya walivyochimba dhahabu, na ilipopungua mwenye trekta alitafuta pengine, mwenye jembe akabaki.

Leo katika tarafa hiyohiyo ya Isimani, kata ya Malengamakali, kuna machimbo ya dhahabu ya Nyakavangala. Ardhi iliyochimbwa juu sasa inachimbwa chini. Kama ningekuwa mtunzi wa riwaya ningekuwa nimeshaanza sura ya kwanza. Mjukuu wa mkulima wa enzi za mahindi anashuka duarani kiangazi, anapanda mtama na alizeti mvua zikinyesha, na anakijua kisa cha Mwamwindi kwa namna ambayo vitabu vya shule havikusimulia. Mhusika huyo yupo, anakunywa chai sasa hivi kwenye kibanda. Hajaandikwa.

Au tuseme ameandikwa, lakini si kwa lugha yake. Hapa namleta Chachage Seithy Chachage, ambaye ndiye anayeniumiza kichwa kuliko wote. Chachage alizaliwa Njombe 1955, wakati ambapo Mbeya, Iringa na Njombe yote ilikuwa Jimbo moja la Nyanda za Juu Kusini. Alikuwa mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafariki 2006. Miaka ya 1990 alifanya utafiti mzito juu ya uchimbaji wa dhahabu nchini. Makala yake moja ya 1995 ina kichwa kinacholigeuza neno la Injili kuhusu wapole na urithi wa nchi: nchi watairithi, anasema, ila haki za madini hazimo katika urithi huo. Mtu huyohuyo alikuwa mwandishi wa riwaya. Na alipoandika riwaya yake kubwa kuhusu ardhi na wawekezaji, *Makuadi wa Soko Huria* ya 2002, alikwenda Delta ya Rufiji, ambako mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi mkubwa wa kufuga kamba uliwaamsha wanavijiji wakaupinga.

Simlaumu. *Makuadi* ni kitabu ambacho kila mwandishi wa habari wa nchi hii angepaswa kukisoma kabla ya kupewa kitambulisho. Kinaonyesha kwamba mwanakijiji ana historia ndefu kuliko mwekezaji, na kwamba anaijua. Lakini tazama mgawanyo uliotokea: Delta ikapata riwaya ya Kiswahili, dhahabu ikapata makala za Kiingereza. Mama wa Chunya angeweza kusomewa *Makuadi* na kijana wake kwenye simu. Zile makala hawezi. Mtu aliyejua kuliko wengi kilichokuwa chini ya mashamba yale aliandika maarifa hayo kwa lugha isiyofika mashambani. Na sisi tuliokuja baada yake, tunaoandika Kiswahili kila siku, tumejaza pengo hilo kwa neno moja: ustahimilivu.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Kustahimili, kuhimili, mhimili, hamali: ni ukoo mmoja, na kwenye mzizi wake kuna mzigo. Hamali hubeba mzigo wa mtu mwingine kwa malipo. Mhimili hubeba paa. Kwa hiyo mtu akiitwa mstahimilivu, swali la kwanza la Kiswahili sanifu kabisa ni: mzigo wa nani? Na la pili: analipwa na nani? Ajabu ni kwamba tunapoliandika neno hili kwenye habari na kwenye ripoti, tunalikata maswali hayo kama mtu anayekata kucha. Linabaki sifa tupu. Tunasema mvumilivu hula mbivu, bila kuuliza mbivu zilikuwa ngapi na nani alikwishachuma za chini.

Kuna atakayeniambia kwamba fasihi si daftari la hesabu, na kwamba nikitaka takwimu nikasome ripoti. Nakubali nusu. Kwa sababu baada ya simu ile nilirudi Chunya, safari hii nikaomba daftari nikalisoma ukurasa kwa ukurasa, na nikaona kitu ambacho hakikuwemo. Hakukuwa na safu ya zebaki.

Mawe yakishasagwa kwenye karasha na kuoshwa, unga wake huchanganywa na zebaki, nayo hukamata dhahabu. Halafu donge lile huchomwa, zebaki ikawa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke haupotei. Unarudi kwenye udongo, kwenye maji, kwenye mapafu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili kupunguza matumizi ya zebaki, lakini mkataba hauna harufu na zebaki vilevile haina. Mama alikuwa ameandika bei ya sabuni, bei ya dawa ya mafua ya mtoto, hata bei ya betri za tochi. Kile kinachoingia mwilini bila kudai fedha hakikuandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyempa kipimo chake. Wala miti haikuwemo. Tumbaku inahitaji kuni za kukaushia, duara linahitaji magogo ya kuzuia kuta zisianguke, vyote viwili vinatoka kwenye msitu uleule, na msitu hauna ukurasa.

Hapo ndipo naona kazi ya riwaya. Daftari lina safu mbili. Riwaya ingeweza kuchora ya tatu. Ingeweza kutuonyesha mkono unaohesabu na kile kinachoingia kwenye ngozi ya mkono huohuo. Na iandikwe bila kumgeuza mama kuwa Utubora, anayelima kwa ajili ya nafsi, wala Tumaini, anayesubiri kunyongwa. Ahesabu, akosee, arekebishe. Auze gunia wakati mbaya. Agombane na mumewe kuhusu mbolea. Akatae kushuka duarani siku moja kwa sababu hakuipenda rangi ya udongo. Hayo yote nimeyaona kwa macho, na hakuna hata moja linaloitwa uvumilivu.

Nami pia nina deni. Niliandika habari ile kwa kiburi cha mtu aliyesoma. Nilidhani kumsifu mtu ni kumsaidia, kumbe sifa yangu ilikuwa inafanya kazi ya mtu mwingine. Maana kama watu wa Chunya ni wastahimilivu kiasi hicho, kuna haraka gani ya kufukia mashimo? Kuna haraka gani ya kulipa?

Ukurasa wa mwisho wa daftari lile haukugawanywa katikati. Juu yake kulikuwa na neno moja limepigiwa mstari mara mbili: *Ninaowadai*. Jirani, debe moja la mahindi. Shemeji, elfu kumi. Mnunuzi wa mawe, siku nne za kuponda. Mstari wa mwisho ulikuwa wa ile njia ya magari iliyokata kona ya shamba lake. Ameandika mwezi na mwaka, ameandika hatua alizopima kwa miguu yake, na mbele yake, kwa mwandiko uleule uliotulia: *fidia, bado*.