Mashua Iliyopita Usukuma Begani

Tarehe 17 Novemba 1874 msafara wa watu 356 uliondoka Bagamoyo kuelekea bara. Pamoja na mitumba ya shanga na nguo, wapagazi walibeba mashua. Haikuwa na magurudumu wala mnyama wa kuivuta. Ilikwenda vipande vipande, imening'inizwa kwenye miti juu ya mabega ya watu. Baada ya siku 103 na maili 720, tarehe 27 Februari 1875, ilitua Kageye, katika Wilaya ya Magu ya leo, mbele ya maji ya Nyanza, yaani Ziwa Victoria. Kabla ya kufika huko ilikuwa imekwisha kupita Usiha, upande wa Shinyanga, na mbuga za Usukuma. Mwenyewe alikuwa mpelelezi Henry Morton Stanley, na mashua aliiita Lady Alice.

Naikumbuka safari hiyo kwa sababu swali lake, jinsi ya kuifikisha boti majini kupitia nchi kavu, limeturudia. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, mtu anaweza kutoka Shinyanga mjini, akapita Mwanza hadi Geita bila kusubiri kivuko, huku akivuta boti kwenye trela. Anayetafuta boti ya kwenda mbali na ufuo huuliza kwanza habari za maji: itakwenda kasi gani, itabeba watu wangapi. Mimi namshauri aanze na nchi kavu, kwa kuwa huko ndiko boti yake itakakoishi siku nyingi zaidi.

Stanley aliagiza mashua hiyo kwa James Messenger wa Teddington, Uingereza: futi 40 kwa urefu, futi 6 kwa upana, kina inchi 30, mbao za mwerezi zenye unene wa inchi 3/8 tu. Ilikuwa na vipande vitano, kila kimoja futi 8. Kwenye karatasi mambo yalikaa sawa. Vilipopimwa Zanzibar, vinne vilikuwa na ratili 280 kila kimoja na cha tano ratili 310, yaani jumla karibu kilo 650. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60 hadi 70. Tena uzito haukuwa shida peke yake. Njia za bara zilikuwa za kupita mtu nyuma ya mtu, na kipande cha upana wa futi 6 kingekwama kwenye kichaka cha kwanza. Seremala akatafutwa palepale Unguja, vipande vikagawanywa upya kabla safari haijaanza.

Kwangu mimi huo ndio uamuzi uliookoa kazi nzima. Kosa liligunduliwa kwenye mizani, karibu na seremala, badala ya kugunduliwa porini Ugogo. Na wabebaji walichaguliwa wenye nguvu kuliko wote, wakalipwa zaidi, wakapewa posho maradufu na ruhusa ya kufuatana na wake zao. Stanley alijua kwamba mashua haitafika mbali kuliko mabega yanayoibeba.

Leo mabega hayo ni trela, na wengi huinunua mwisho kwa fedha zilizobaki. Boti ipimwe ikiwa kamili: injini, betri, nanga, kamba, mafuta. Lita 100 za petroli peke yake ni zaidi ya kilo 70. Uzito unaokandamiza kiungo cha nyuma ya gari uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya mzigo wote. Ukiwa mdogo mno, trela huyumba mkia barabarani; ukizidi, matairi ya mbele ya gari hupoteza mshiko. Ukisogeza boti kidogo mbele au nyuma juu ya trela unalirekebisha hilo nyumbani, bila gharama.

Kitu kingine ni beringi. Baada ya saa kadhaa za lami magurudumu ya trela huwa ya moto. Ukifika mwaloni na kuitumbukiza majini papo hapo, hewa ndani ya kitovu cha gurudumu hupoa na kunywea, ikavuta maji kupitia sili. Wiki chache baadaye kuna kutu pale palipokuwa na grisi. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja bila kuungua ndipo uteremshe boti.

Kuhusu boti yenyewe, nachagua ubavu mrefu juu ya maji kabla ya kasi. Ziwa Victoria lina kina kisichozidi sana meta 80, na upepo ukipiga juu ya maji ya kina kifupi namna hiyo mawimbi huja mafupi, yamesimama, yamefuatana. Dhoruba za radi nazo hupenda usiku na alfajiri. Lady Alice ilikuwa nyembamba kwa sababu ilisukumwa kwa makasia na tanga. Boti ya injini inahitaji upana na omo la juu linalokata wimbi. Pia ziwa liko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huku huipunguzia injini takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu. Propela iliyofaa Dar es Salaam huenda ikawa nzito hapa. Hata vipande vya madini vinavyofungwa kwenye injini viliwe na kutu kwa niaba yake hutofautiana: zinki ni ya maji ya chumvi, magnesi ni ya maji baridi.

Halafu kuhifadhi. Kiangazi cha Shinyanga hukausha mbao mpaka viungo vikaachana, na kalafati ikadondoka. Mashua ya mbao ikae kivulini, magunia mabichi ndani yake, juu ya vitalu imara ili mchwa wasipate daraja. Siku ya kwanza iache ilowe mwaloni, mbao zivimbe, ndipo uende mbali. Faiba hainywei, lakini jua huila ngozi yake. Ifunike turubai lisiloigusa, inua omo, toa kizibo cha tezi ili mvua isigeuke bwawa ndani. Mkuku ubebe uzito, na pale injini inapofungwa pawe na mhimili chini. Injini isimame wima maji yatoke, na petroli ya miezi iliyopita imwagwe.

Mwisho, vifaa vya akiba. Stanley alizunguka Ziwa Victoria kwa siku 57, akiwa na watu 11, Wadi Safeni akishika usukani. Tarehe 28 Aprili 1875, kisiwani Bumbire, wenyeji walichukua makasia yote ya mashua. Stanley na watu wake walitoroka kwa risasi, wakang'oa mbao za sakafu ya mashua na kuzitumia kupiga kafi, wakiachwa na ziwa lililochafuka usiku huo. Agosti Stanley alirudi Bumbire na kuua watu wengi, na siwezi kuisifu mashua hii nikaificha damu hiyo. Upande wa ufundi, mbao zile za sakafu ndizo zilizowarudisha. Anayetoka leo Nungwe, upande wa Geita, kuelekea visiwani awe na kafi za akiba au injini ndogo ya pili, na jaketi okozi kwa kila kichwa, hata kabla mkaguzi wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) hajauliza.

Lady Alice ilibebwa tena mpaka Tanganyika, ikazungushwa ziwa hilo, kisha ikateremshwa mto Kongo. Tarehe 31 Julai 1877, juu ya maporomoko ya Isangila, iliachwa juu ya miamba. Mbele kulikuwa na maporomoko mengine, na watu walioibeba kutoka Bagamoyo, wale waliosalia, walikuwa wamedhoofika kwa njaa. Hapakuwa na mabega ya kuinyanyua tena.