Kidaraja cha Mpingo

Mwaka 1961, mjini Hamburg, mwanamuziki Paul McCartney alinunua gitaa la besi aina ya Höfner 500/1 kwa takriban pauni 30. Besi za Fender kutoka Marekani zilikuwa na bei iliyomshinda. Tena hili la Kijerumani lina umbo la fidla, pande zake mbili zinalingana, kwa hiyo mtu wa mkono wa kushoto akiligeuza haliharibiki sura. Mwaka 1972 gitaa hilo liliibwa London, ndani ya gari lililoegeshwa Notting Hill. Lilikuja kupatikana kwenye dari ya nyumba kusini mwa Uingereza, na mwanzoni mwa 2024 ikatangazwa kwamba limerudi kwa mwenyewe.

Wapo wapiga besi wengi wanaozitamani Höfner za miaka ile, nami nimo. Sauti yake ni nene, ya mviringo, nayo hufa mapema, ikaiachia ngoma nafasi. Ila zilizobaki zimeshikwa na wakusanyaji, na bei yake haikaribiani na kipato cha mwanamuziki wa bendi Dar es Salaam. Kinachowezekana ni Ignition, toleo la bei nafuu la Höfner wenyewe. Umbo ni lile la fidla, tumbo ni wazi ndani, na nyuzi ni fupi: sentimita 76 kutoka shingoni hadi kwenye kidaraja, wakati za Fender ni kama 86. Ila chombo cha bei hiyo hutoka kiwandani kikiwa bado kinadai saa nyingi za mkono wa mtu. Saa hizo nimeziona zikilipwa na fundi mmoja mzee hapa mjini, ambaye magitaa ya bendi za dansi yamepita mikononi mwake tangu ujana wake.

Haanzi kwa kulipiga gitaa nililomletea. Analinyanyua, anachungulia shingo kutoka kichwani kuelekea tumboni, jicho moja limefumbwa. Kisha anaubana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, na katikati ya shingo anapitisha kipande cha karatasi chini ya uzi. Karatasi ikipita bila kugusa popote, shingo imepinda mno. Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma inayoinyoosha. Anaizungusha robo tu kwa spana, halafu anaweka gitaa chini na kuagiza chai.

“Mbao haisukumwi, mwanangu,” ananiambia. “Unaiambia, kisha unaisubiri.”

Zikafuata freti, vile vyuma vilivyokingama shingoni. Anafunika ubao wa shingo kwa utepe wa karatasi, ukaacha vyuma peke yake, na kila kichwa cha freti anakipaka wino mweusi wa kalamu nene. Anapitisha tupa iliyonyooka kwa urefu wote wa shingo, bila kukandamiza. Palipobaki wino ndipo palipo chini, na uzi ukibanwa hapo ungekwaruza freti inayofuata. Anarudia mpaka wino umetoka kote sawasawa, kisha anachukua tupa nyingine yenye mfereji na kukirudishia kila chuma mgongo wake wa mviringo, kimoja kimoja. Msasa mkavu, halafu msasa laini zaidi. Mwisho anapitisha kidole gumba kwenye kingo zote mbili za shingo, mahali ambapo freti za magitaa ya bei nafuu hukwangua viganja.

Ana heshima ya pekee kwa freti ya sifuri. Höfner huiweka mwanzoni kabisa mwa shingo, na uzi usiobanwa hulala juu yake. Kwa sababu hiyo uzi mtupu hutoa sauti ya chuma, sawa na uliobanwa. Freti hiyo ikishuka chini ya wenzake, kila uzi usiobanwa utalalamika. Ameiacha juu kidogo, kiasi cha unywele.

Kidaraja ndicho kilichonifanya nikae kwenye benchi lake mpaka jioni. Kwenye besi nyingi za umeme kidaraja ni bamba la chuma lililofungwa kwa skrubu. Kwenye Höfner ni kijiti kilichosimama juu ya tumbo bila gundi wala msumari, kinashikiliwa na mkandamizo wa nyuzi tu. Mtikisiko wote wa uzi hupita kwenye nyayo zake kuingia kwenye mbao. Nyayo za kile kilichokuja na gitaa langu ziligusa pembeni tu, katikati mwanga ulipenya.

Fundi akatoa kipande cha mpingo alichokiokota kwa wachonga vinyago wa Mwenge. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na watengenezaji wa klarineti Ulaya huununua kwa ugumu huohuo. Akaubana kwenye jiliwa, akaukata kwa msumeno wa meno madogo, akaunyoosha kwa tupa, kwa kuwa randa huuvunja kingo. Akatoboa matundu mawili ya skrubu za kupandisha na kushusha.

Kisha nyayo. Juu ya tumbo la gitaa, lililoinuka kama mgongo wa kobe, alibandika utepe wa kulinda rangi na juu yake msasa, upande wa mchanga ukitazama juu. Akausugua mpingo mbele na nyuma, safari fupi fupi, mkono ukiwa umesimama wima. Akautoa msasa, akapaka chaki mahali pake, akakiweka kidaraja na kukiinua. Doa jeupe lilitokea kwenye kisigino kimoja tu cha ule weusi. Akarudia. Doa likapanuka. Akarudia tena, na tena, bila kuharakisha pigo hata moja, hadi unyayo wote ukawa mweupe.

Juu ya kidaraja alichonga vijifereji sambamba, akachomeka vipande vinne vifupi vya waya wa freti, kila uzi na chake. Akavalisha nyuzi bapa, zile zilizoviringishwa utepe laini wa chuma, maana za kawaida zina kelele isiyo ya gitaa hili. Halafu akaanza kutafuta mahali. Kwenye freti ya 12 aliugusa uzi bila kuubana, akasikiliza. Akaubana, akasikiliza tena. Sauti ya pili ikiwa juu, kidaraja hurudi nyuma; ikiwa chini, husogea mbele. Alikisukuma kwa ukucha. Uzi mnene ulihitaji kurudi nyuma zaidi ya wenzake, akakihamishia kipande chake cha waya kwenye kijifereji kilichofuata.

Nilipotoa pesa alikataa kuzipokea. Nyuzi mpya hunyooka usiku kucha, alisema, nazo huvuta kidaraja kuelekea shingoni. Akachora alama mbili za penseli kwenye utepe kando ya nyayo, akaniambia nirudi asubuhi, tupime tena freti ya 12 ndipo tuhesabiane.