Mwanya wa ringi hupimwa wapi?

Injini ya Honda GX160, ya pampu ya maji, ilikuwa inatoa moshi wa bluu na kula oili. Fundi akanunua ringi mpya za saizi ya kawaida. Ubora wa kazi yake ulianza hapo, kwa sababu hakuzitoa kwenye pakiti na kuzivisha pistoni moja kwa moja.

Aliitumbukiza ringi ya kwanza peke yake ndani ya silinda, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni isilale upande, kisha akapitisha fila geji kwenye mwanya wa kati ya ncha zake. Juu, ringi inapogeukia, alipata milimita 0.55. Kwa ringi mpya Honda hutaka 0.2 hadi 0.4, na kikomo cha uchakavu ni 1.0. Angeishia hapo, asingeona sababu ya kushika tupa. Lakini aliisukuma hadi mwisho wa safari ya ringi chini, akapata 0.15.

Silinda huliwa zaidi juu, kwenye joto kali na oili haba. Kipenyo kikiongezeka, mwanya huongezeka mara 3.14 ya ongezeko hilo. Tofauti ya 0.40 basi inamaanisha silinda ni pana juu kuliko chini kwa karibu 0.13. Fila geji, kifaa cha bei ndogo kabisa, imeshapima uchakavu wa silinda!

Ile 0.15 ndiyo ya kuogopa. Mzingo wa silinda ya milimita 68 ni kama 214. Ringi ya chuma cha kutupwa ikiizidi silinda joto kwa digrii 100, hurefuka karibu 0.23. Ncha zitagongana, na ringi itakwaruza silinda au kuvunjika.

Alitia tupa ncha moja tu, kutoka uso wa nje kuelekea ndani ili asibandue tabaka gumu, akipima kila baada ya kusugua kidogo, mpaka chini ikafika 0.25. Juu ikawa 0.65. Wakati wa kufunga aliipishanisha mianya kwa digrii 120, alama za ringi zikitazama juu.

Kwa pampu ya saa chache kwa wiki, nakubaliana naye. Kwa ile ya kutwa nzima ningeichonga silinda na kuweka pistoni ya saizi kubwa zaidi. Katika silinda iliyo pana juu kuliko chini, ringi hutanuka na kubanwa kila mzunguko, na kwa mizunguko 3,600 kwa dakika mifereji ya pistoni italika mapema.